Kadi za Kuomba Nakala

Katikati ya miaka ya sabini kaka yangu alikuwa Ulaya akisomea fizikia, na makala yake ya kwanza ikachapishwa. Ilihusu nyutrino, chembe ndogo kupita kiasi ambazo, kwa maelezo yake, zimezagaa kila mahali tangu ulimwengu ulipoanza. Nyumbani Mbeya tulishangilia kana kwamba amepata mtoto.

Barua iliyofuata ilikuwa ya mtu aliyekata tamaa. Huko, alieleza, anayevutiwa na makala humwandikia mwandishi postikadi ya kuomba nakala, na kwa kadi hizo watu hujua kama kazi yako inasomwa. Yeye alikuwa amepata mbili. Alifikiria kuacha masomo arudi.

Mama akaanza kuanika godoro la kaka. Mimi, sifichi, nilifurahi. Baba ndiye aliyekuwa na hamu naye kuliko sote, maana hakuwa na mtoto mwingine wa kiume, lakini kumpokea akiwa ameshindwa hakutaka. Jumapili, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, alisimama wakati wa matangazo akaomba kila mwenye moyo amwandikie mwanawe kadi ya kuomba nakala.

"Lakini baba, hawataisoma," nilimwambia njiani. "Ni Kiingereza, tena kimejaa hesabu."

"Wewe si mwalimu? Andika tu. Wao wataweka sahihi."

Nikaandika, nimenuna. Waliomba wakulima wa viazi, akaomba mkunga, na shemeji yetu wa Mafinga akawavuta wapasua mbao wenzake. Kadi zote zilitoka Mbeya na Iringa, zote kwa mwandiko mmoja. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeshtuka.

Kaka alishtuka, bila shaka. Hata hivyo alimtumia kila mmoja nakala, jina la mwombaji likiwa limeandikwa kwa mkono juu ya ukurasa wa kwanza. Kisha akaja mwenyewe, na mizigo yake yote, akasema ameachana na Ulaya.

Siku ya pili wenye nakala wakajaa sebuleni. Walikuwa wamezifunga kwenye magazeti zisilowe mvua, na walitaka kuelezwa kitu walichoomba. Kaka alianza kwa utani, halafu utani ukamtoka. Alisema chembe hizo zinapita katika kuta, katika milima, na katika miili yetu tukiwa tumekaa pale, wala hatuhisi kitu. Chai ilipoa hakuna aliyeigusa. Sikuwahi kumwona na furaha ile tangu utotoni, na iliniuma, kwa sababu nilijua maana yake.

"Wewe umeziona?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Hizo za mwanzo wa ulimwengu hakuna aliyewahi kuzinasa."

"Hata huko Ulaya?"

"Hata huko."

Baba alimtazama, machozi yakimlengalenga.

"Basi rudi ukazitafute."