Boriti Zenye Kiuno

Kaka yangu alimcheka mwanangu mbele ya mafundi ishirini, na mimi sijamsamehe. Mwaka wa tisa huu. Watu wananiambia, dada, yaache. Niyaache wapi?

Mwanangu ni injinia wa majengo ya chuma. Tangu mdogo hana maneno mengi. Wenzake wanacheza, yeye anapinda waya aone utakatikia wapi. Mimi niliishia darasa la pili, lakini kazi yake alinieleza jikoni nikaelewa. "Mama, ardhi ikitetemeka, chuma lazima kipinde mahali. Mimi nakichagulia. Boriti naikata pembeni karibu na nguzo, iwe na kiuno. Itapinda hapo, kiungo kitabaki kizima, watu watatoka."

Kaka yangu, foremani wa ujenzi kwa miaka thelathini, hakuelewa.

Lilikuwa jengo la ofisi, ghorofa tatu, la kwanza mwanangu kulichora peke yake. Siku hiyo nimempelekea chakula, tukaingia pamoja, tukakuta mjomba wake, ndiye foremani pale, keshachomelea mabamba ya chuma kwenye viuno vyote vya upande wa mbele, kama viraka vya suruali.

"Mjomba, yatoe hayo."

"Umeleta boriti zimeliwa na panya, nimekustiri, halafu nitoe?"

"Nimezikata makusudi."

"Mambo ya viuno kayafanyie kwenye ngoma. Hapa tunajenga."

Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwenye jengo akamsikiliza mzee, mtoto akafukuzwa. Upande wa nyuma ulisalimika kwa sababu mabamba yaliisha.

Aliandika barua tatu kuwaonya. Hawakujibu. Akaenda kufanya kazi mbali, ananipigia Jumapili.

"Umekula na nani?"

"Peke yangu, mama. Na wewe?"

Na mimi hivyohivyo. Basi tunakaa na simu masikioni, tunasikilizana tukipumua. Kaka yangu anakaa mtaa wa pili. Akipita, nafunga dirisha.

Tetemeko lilikuja mwaka huu, mchana. Mungu alisaidia, watu walitoka wote. Lakini upande wa mbele viungo vilichanika kwenye nguzo, sakafu ikalala. Upande wa nyuma boriti zilipinda kwenye viuno, viungo vikabaki vizima.

Wakaguzi wakamwita mwanangu. Alikuja na begi moja dogo, nikaenda naye kwenye jengo. Mafundi wa zamani waliitwa pia, na kaka yangu na fimbo yake.

"Nani aliweka mabamba haya?" mkaguzi akauliza.

Kaka anaangalia viatu.

"Sema," nikamwambia. "Siku ile mdomo ulikuwa nao."

"Ni mimi. Mtoto alinikataza. Yeye ndiye alikuwa sahihi."

"Waliosimama nyuma hawajasikia," nikamwambia.

Akarudia, kwa sauti, mbele yao wote. Safari hii hakucheka mtu. Kisha akageuka amwombe msamaha mpwa wake, akakuta hayupo. Alishaingia upande wa nyuma na futi yake, anapima boriti moja baada ya nyingine, peke yake.