Kiungo cha Tatu cha Fremu ya Injini

Jumanne, Februari, mwaka wa tatu wa uhuru, Nosy Be. Mvua tangu alfajiri, upepo hakuna, joto kama ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Ndivyo nilivyoandika juu ya ukurasa, na chini yake nikaacha pengo. Najaribu kulijaza sasa. Nisichokikumbuka nitasema sikikumbuki, maana kisa chenyewe kiko hapo. Siku ile tulisemezana Kimalagasi. Kiswahili hiki cha chuoni ndicho pekee ninachojua kukiandika.

Mimi ni mchomeleaji, karakana yangu iko Tsaramandroso, Mahajanga. Niliitwa Nosy Be na fundi mkuu wa kinu cha sukari, mtu wa Reunion, aliyejiundia ndege ya mbao na kitambaa bandani kwake katika miezi ambayo kinu hulala. Alikuwa amepata injini nyingine, nzito kuliko ya kwanza, akataka fremu mpya ya kuishikia. Mchoro uliruhusu chuma cha aina mbili: chuma laini, bomba zake nene na nzito, au chuma cha kromu kilichotoka Ufaransa, bomba nyembamba, nyepesi mkononi.

"Chagua wewe," aliniambia, "wewe ndiwe unayeshika moto. Ila cha kromu ukishakichomelea kiache kipoe chenyewe. Ukikitia maji kinakuwa kigae, hukatika bure."

Nilichagua cha kromu. Sikulazimishwa na mtu. Nilikigonga kwa ukucha kikalia vizuri, nikatamani watu waseme fundi wa Mahajanga kakiweza chuma cha ndege.

Lakini mimi nilifunzwa kazi na baba, naye alikuwa mhunzi wa majembe na visu. Kwake chuma kikitoka motoni huenda majini, basi. Mkono wangu ulijua hivyo kabla sijajua kusoma. Na miaka michache nyuma, bandarini Mahajanga, nilitengeneza ndoano ya winchi nikaizima majini. Ilikatika wiki ileile, magunia yakamwangukia mpagazi, akafa. Magunia yalizidi, hilo ni kweli. Na ndoano niliizima majini, hilo nalo ni kweli. Lipi lilimuua, sijui mpaka leo. Mjane wake aliniamkia vizuri kila tulipokutana njiani, na kuamkiwa huko kulinikosesha raha kuliko matusi.

Fremu niliimaliza Jumatatu. Jumanne nikarudi bandani na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye nilikuwa nimefikia kwake. Yeye ndiye aliyeahidiwa kiti cha pili siku mvua ikikatika. Sokoni walishajua wote. Alikuwa amenunua miwani ya jua, akaivaa kwenye mvua.

"Shemeji, tukipita juu ya Mahajanga nimpungie dada yangu au nimtemee mate?"

"Mpungie."

"Atanijuaje?"

"Atakusikia. Wewe hata huko juu hutanyamaza."

Nikasogeza ndoo niliyoifanyia kazi jana, ninawe mikono. Chini ya maji nikaona magamba meusi, yale yanayobanduka chuma cha moto kikizimwa. Nikabaki nimeinama. Koleo nililizima humo, nakumbuka. Na kiungo cha tatu je? Kilikuwa cha mguu mfupi wa fremu, unaoenea ndooni, na nilikichomelea adhuhuri nikiharakia sala. Sauti ya chuma kikiingia majini niliikumbuka wazi. Ila sauti ile nilikuwa nikiisikia kila siku tangu mpagazi yule afe, hata mafuta yakilia kikaangoni. Ningeiaminije?

Nilimwambia fundi mkuu, shemeji akisikia.

"Umekizima au hukukizima?"

"Sijui, bwana."

"Mtu hajui mkono wake umefanya nini?"

"Huu wangu, sijui."

Akacheka, hakuwa mtu mbaya. Akachukua tupa, akakwaruza kando ya mshono, maana juu ya chuma kilichozimwa majini tupa huteleza. Viungo vingine tupa iliuma. Hapo pa tatu yeye akasema inauma, mimi nikasema inateleza. Tukapokezana tupa. Kusema haki, alikuwa na jicho zuri kuliko langu, na mimi nilikuwa na woga.

"Huyu anaogopa hata kivuli chake," shemeji akasema. "Bwana, funga injini twende."

Fundi mkuu akanigeukia. Akaniuliza mimi: "Shemeji yako ungempandisha?"

"Hapana."

Akakamata msumeno mwenyewe. Akakata mguu ule, na kwa kuwa hakutaka fremu ya viraka, akaikata yote. Chuma kile kilikuja kwa meli, kingine hakikuwepo. Nikafunga kiungo kwenye jiliwa nikakipiga nyundo. Kilipinda, pigo la tatu kikakatika.

"Umeona!" nikasema.

"Hata kizuri kingekatika ukipiga hivyo," akasema. Huenda. Sikupata kujua.

Kisha akanionyesha zile bomba nene. Nikazichagua, safari hii kwa sababu ya mkono wangu: chuma laini, hata ukikosea ukakizima, hakiwi kigae. Akapiga hesabu ya uzito na umbali wa injini, akasema pua ya ndege itazidi kuwa nzito, na kiti cha abiria kiko mbele. Mpaka alipange upya, ataruka peke yake, na abiria asahau mwaka huu.

Shemeji alivua miwani akaitia mfukoni. Njia nzima alitembea mbele yangu. Tulipofika kwake alimwambia mkewe neno moja tu: "Muulize yeye."

Nilimweleza. Mkewe akanitazama, akamtazama mumewe, akasema, "Haya, kaeni."

Tulikula wali na kamba wa nazi, na achari ya maembe mabichi. Shemeji alikula amenipa mgongo, akaongeza wali mara mbili.