Mwenye Nyumba Ndiye Anayeanza

Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji hunirudisha mtaani Nyakato, jioni ile jumuiya yetu ya kanisa iliposali kwetu noveni ya Noeli, sala za siku tisa. Mama alikuwa amemfuata baba kaburini mwezi uliotangulia.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama muuza dagaa, alitangulia na ufagio wake. Alinyunyiza maji sakafuni, akafagia, akatandika mikeka.

Watu walipojaa, baba mdogo, aliyekuja kutugawa sisi watoto kwa ndugu, alisimama kuanzisha sala.

“Kaa, shemeji,” mwenyekiti alimwambia. “Wewe ni mgeni kama sisi. Mwenye nyumba ndiye anayeanza, naye ni huyu.” Akaninyooshea kidole.

“Huyu? Si mtoto wa shule huyu!”

“Tutamsaidia. Ila aanze yeye.”

Watu wazima wote walinisubiri, mwenyekiti akiwa amepiga magoti kando ya ufagio. Wadogo zangu walinishika gauni. Nilifanya ishara ya msalaba kwa sauti, wote wakaitikia.

Baba mdogo aliondoka kesho yake, peke yake.

Shule zilipofunguliwa, nilimvalisha mdogo wangu sare yangu, nikaikunja pindo. Alipotokomea njiani, nilirudi ndani, nikanyunyiza maji sakafuni, nikaanza kufagia.