Mama na Jambazi wa Chicago

Jumamosi ile kina mama wa ushirika wa kanisani walikuja kwangu Sparkhill, huku ughaibuni, kunichagua niwe mwenyekiti wao. Niliutamani uenyekiti huo hadi nikauota, ingawa mdomoni nilikuwa nikisema mapenzi ya Bwana yatimizwe. Hofu yangu ilikuwa moja: Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Kenya. Miaka yote nilikuwa nikitoa ushuhuda kwamba alinisomesha kwa ng'ombe wa maziwa. Ukweli ni kwamba alinisomesha kwa kupika chang'aa, pombe haramu. Nilimsihi asubuhi anisaidie na huo uongo, akasema ameelewa.

Binti yangu alikuwa pembeni akijisomea mtihani wa historia. Mwenyekiti anayeondoka, mama wa Bukavu aliyezoea kutiiwa, akamwambia asome kwa sauti. Akasoma kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria Mama maisha ya jambazi mmoja wa Chicago, enzi zile Marekani ilipopiga pombe marufuku. Alikuwa na wapishi wa pombe mtaa mzima, malori ya kusambaza, na polisi mfukoni.

Mama akaweka kikombe chini. "Hao polisi aliwapa lini? Kabla ya msako ama baada?"

Nikamwambia binti yangu aendelee kusoma.

Alisikiliza yote: risasi, suti za hariri, supu aliyowagawia wenye njaa. "Huyo hakuwa mbaya sana," akasema. Nikamkanyaga mguu. Mwishowe kitabu kikasema serikali ilishindwa kumnasa kwa pombe, ikamfunga kwa kutolipa kodi.

"Kodi?" Mama akaruka. "Aibu gani hiyo! Mimi nilifungwa kwa pombe yenyewe!"

Kina mama wote wakamgeukia.

Mama akaniangalia, akakumbuka. "Yaani, nilikuwa na ng'ombe... ng'ombe wa..." Mwanamke aliyemdanganya chifu usoni miaka nenda miaka rudi sasa alishindwa kumaliza sentensi moja. Nikaona aibu, na safari hii si kwa ajili yake, bali kwa ajili yangu mwenyewe.

"Hatukuwa na ng'ombe," nikasema. "Hata mbuzi. Ilikuwa chang'aa. Wiki ya mtihani wangu wa mwisho alikuwa ndani, na karo alikuwa ameshalipa."

Mwenyekiti akanyoosha kikombe chake aongezewe chai.

"Kwetu jina yake ni kanyanga," akasema. "Mama yangu alikuwa anaificha mu kitanda ya bébé. Na miye ndjo nilikuwa nalala juu yake."