Mjerumani Wetu wa Lushoto

Kila ukoo una jambo lake la kujivunia. Kwetu ni Mjerumani. Baba wa babu yangu, tuliambiwa, alikuwa mlowezi aliyefika Lushoto na nguruwe wawili na masharubu, akazaa na msichana wa Kisambaa, kisha akapanda meli akaenda zake, akaacha mtoto mmoja na kadi moja. Jina lake silitaji hapa, na wala si kwa heshima. Kila tawi la ukoo linalitamka kivyake, na hakuna anayelitamka bila kurusha mate.

Mjerumani huyo alitufaa sana. Mtu akiwa bahili, ni damu ya Kijerumani. Akifika harusini kabla ya viti, ni damu ya Kijerumani. Mjomba wangu alipofeli darasa la saba, hakuna aliyesema ni damu ya nani.

Aliyemwamini kuliko wote ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Amefanya kazi za ndani Jeddah miaka mingi, hata watoto aliowalea mtaa wa Al-Hamra wameota ndevu. Yeye ni maji ya kunde, na utotoni walimwita Mzungu mpaka akakubali. Mwaka jana madam wake alimwambia halas, watoto wamekua, mkataba ukiisha arudi kwao. Akanipigia simu Riyadh, mimi nikiwa Al-Malqa kwenye kazi hiyo hiyo, akaniambia kwamba hana kwao. Nyumba ya wazazi wake anakaa mjomba na mkewe, na huyo wifi alikwisha kumtengea kitanda stoo, ubavuni mwa magunia ya mbolea. Halafu kuna dada mmoja Mkenya alimwambia kuwa Ujerumani wanawapa wajukuu wao pasipoti.

“Nitafutie babu yangu,” alisema. “Nina miezi minne.”

Alinichagua mimi kwa sababu nilifika kidato cha nne na kioo cha simu yangu hakijapasuka.

Nilianza kwa kumtuma mjomba kanisani, kwenye misheni ya zamani, akapige picha daftari la ubatizo. Akanitumia picha tisa. Mjomba hajawahi kupiga picha bila kidole gumba chake kuwamo. Jina la babu lilionekana, la mama yake lilionekana, na pale pa jina la baba kulikuwa na kidole cha mjomba. Nikamrudisha. Safari ya pili kidole kiliondoka, na chini yake palikuwa na mstari. Aliyeandika alichora mstari tu, kama mwanafunzi aliyeruka swali gumu kwenye mtihani.

Ikabaki kadi, nayo mjomba akanitumia picha yake. Ilikuwa kwenye sanduku la mbao la bibi, mama yake babu, na mchwa walikuwa wamekula nusu ya chini yote. Nusu ya juu ilikuwa na maneno ya Kijerumani yaliyochapwa kwa herufi za kizamani, muhuri, na jina la mzee wetu kwa mwandiko wa kujidai. Mjomba alisema mchwa wa Lushoto wana adabu, wameliacha jina la mzee. Simu yangu, ambayo huwa inanitafsiria hata madam akiwa na hasira, ilishindwa na zile herufi.

Mungu akaniletea Mjerumani mzima mpaka sebuleni. Mama yake bosi ana magoti mabovu, na mara mbili kwa wiki alikuwa anakuja mama mmoja wa Kijerumani kumnyoosha viungo. Kazi yangu ilikuwa kushika mguu. Siku ya kwanza nilimkazia macho nikitegemea damu itambuane. Aliniangalia, akaomba taulo nyingine.

Wiki ya tatu mama yake bosi alisinzia mguu ukiwa hewani. Nikaona yalla, ndio wakati. Nikatoa simu, nikamwonyesha kadi, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba huyu ni babu yetu. Akaikuza picha, akaisoma taratibu. Akaniuliza nani aliniambia ni babu. Nikasema wote. Akaweka ukucha juu ya lile jina.

“Huyu ni kafili,” alisema.

Kafili huku ni bosi anayekudhamini, kwa hiyo nilielewa mara moja na nikakataa kuelewa. Akanieleza kwamba hii ni kadi ya kazi. Juu wanaandika mwajiri ni nani, na chini wanaandika anayemfanyia kazi. Akateremsha ukucha mpaka mahali palipoliwa. Aliniomba radhi sana, kama vile yeye ndiye mchwa.

Usiku wote ule sikulala, ila si kwa majonzi. Nilikuwa nacheka ndani ya mto, kwa sababu kila Pasaka ukoo mzima tumekuwa tukipiga magoti kumwombea kafili. Baadaye kicheko kikaisha nikabaki na hasira. Nikatoa ikama yangu, kibali changu cha kuishi na kufanya kazi huku. Ina picha yangu, sura kama ya mwizi wa kuku, ina jina langu, na ina jina la bosi. Mchwa wakila upande wenye jina langu, likabaki la bosi, vitukuu vyangu vitatangaza Lushoto nzima kwamba asili yao ni Riyadh.

Inawezekana alikuwa vyote viwili, kafili na baba. Nimeishi kwenye nyumba za watu, najua yanayoweza kumpata msichana wa kazi. Lakini kadi haikusema, daftari likachora mstari, na mimi siwezi kumzulia bibi wa watu habari ambayo yeye mwenyewe hakuisema.

Likizo ya shule madam wangu alikwenda Jeddah kwa dada yake anayekaa mtaa wa Aziziya, na watoto na mimi tukiwa sehemu ya mizigo. Ijumaa nikapewa ruhusa, dereva akaniacha Al-Hamra mlango wa nyuma. Mama mdogo alikuwa jikoni anakunja majani ya zabibu, wali ndani, sinia la pili. Chumba chake kiko pembeni ya jiko, na nyuma ya mlango wake lilining'inia koti zito la manyoya. Jeddah, mwezi wa saba. Nje lami ilikuwa inayeyuka kwa jua.

“La baridi ya kwa babu,” alisema.

Nilipiga porojo za Riyadh mpaka zikaniishia. Halafu nikaweka simu mezani, nikaweka ikama yangu kando yake, nikamweleza yote. Hakuacha kukunja.

“Na huyo aliyefanya kazi?” aliuliza.

“Ameliwa, mama mdogo.”

“Jina lote?”

“Lote.”

Nikamwambia pole, na kwamba hata ile rangi yake huenda ni ya kukaa jikoni miaka yote bila kuona jua. Hapo akacheka kidogo. Akasema wifi yake atacheka zaidi, mpaka aangukie kwenye mbolea yake. Akamaliza jani lililokuwa mkononi, akanawa, akaingia chumbani. Alikaa huko muda, nikasikia anapenga kamasi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na ikama yake ilikuwa mkononi. Akailaza mezani katikati ya majani, akaweka kidole gumba juu yake.

“Piga picha.”

Nikamwambia kidole kimeziba.

“Najua kimeziba wapi. Jina langu linaonekana?”

Lilionekana. La kafili lilikuwa chini ya kidole.

“Mtumie mjomba wako, aitie kwenye sanduku la bibi. Na mkewe atoe magunia yake stoo, narudi,” alisema. “Wajukuu wakija kunitafuta mimi, wasimpate huyu.”

Nikapiga. Kisha nikavuta ikama yangu, nikaweka kidole, nikampa yeye simu.