Mtu Mmoja, Marundo Matatu

Nakumbuka asubuhi moja ya karantini kule Sydney, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya kulia chakula iliyofunikwa kwa karatasi za marehemu mmoja, nikijisifu moyoni kwamba hajapata kuzaliwa mtu wa kupanga karatasi vizuri kama mimi. Mvi chache zilikuwa zimeshaingia, lakini ujana una tabia ya kuchelewa kumtoka mtu kichwani.

Wewe unanijua kwa nyumba hii ya ghorofa na kwa stashahada iliyotundikwa sebuleni. Sioni haya kusema kwamba vyote nilivitafuta mwenyewe. Niliondoka hapa Machakos sina mjomba serikalini wala shangazi ng'ambo, nikasomea utunzaji wa kumbukumbu huku nikifanya kazi, na darasani nikawaacha nyuma hata wenyeji wenye lugha yao. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini leo nataka kukuonyesha mahali ambapo elimu yote hiyo ilihitaji kuvutwa sikio.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Guildford kwa mzee wa Kikongo, Papa Byamungu, mtu wa Bukavu. Korona ilikuwa imetufungia ndani. Asubuhi tulikaa mbele ya televisheni kusikia idadi ya wagonjwa wapya, helikopta ya polisi ikanguruma juu ya mapaa, na ibada ya kanisa la Blacktown tukaisikiliza kwenye simu, mchungaji akikatika katikati ya aya. Ofisi yangu ilikuwa imefungwa. Nikakaa kama jembe lisilo na mpini.

Ng'ambo ya barabara aliishi Bi Helen, mwalimu mstaafu, bibi mwembamba aliyejua majina ya watoto wote wa mtaa. Alikuwa anajiandaa kuhamia makao ya wazee na nyumba yake inauzwa. Urithi uliomsumbua ni maboksi ya karatasi za baba wa babu yake, aliyeishi majimbo ya Kusini ya Marekani katika karne ya kumi na tisa. Bwana huyo alikuwa mwandishi wa gazeti, mkulima wa pamba na mwanajeshi. Vita vilipozuka kati ya Kusini na Kaskazini, alipigana upande wa wale wasiotaka watumwa waachiliwe, na yeye mwenyewe alikuwa na watumwa shambani mwake.

Bi Helen aliyaweka maboksi barazani kwetu, akarudi nyuma hadi kwenye njia, barakoa usoni.

"Wewe una diploma ya mambo haya," akasema. "Nipangie. Mwandishi nitampeleka maktaba, na wajukuu wamsome. Lakini huyo askari na watumwa wake, sitaki awafikie watoto. Nitamchoma kwenye pipa nyuma ya nyumba kabla sijahama."

Nikaitikia kwa furaha. Sikujiuliza kama ni haki. Kwangu lilikuwa swali la usafi wa kazi, na usafi wa kazi niliuweza. Nikaanza kutenganisha: huku makala za gazeti, huku habari za shamba, huku vita. Marundo matatu, kingo zimelingana kama mkate uliokatwa dukani. Karatasi moja tu ilikataa kukaa. Kila nilipoiweka rundo hili, niliona ni ya lile.

Papa Byamungu akaingia na chai.

"Eh, Monsieur Diplome! Leo unauza magazeti?"

"Papa, hii ni kazi ya kitaalamu. Tafadhali usiweke kikombe hapo."

"Meza ni yangu, chai ni yangu. Hapa mtaalamu njo mgeni." Akakaa, akayatazama marundo. "Hizi ni za nani?"

"Huku mwandishi, huku mkulima, huku askari."

"Walikuwa ndugu?"

"Hapana, Papa. Ni mtu mmoja."

"Mtu moja?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Na nani alimukata hivi?"

Nikamweleza mpango wa Bi Helen, na pipa. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye ile karatasi iliyobaki peke yake.

"Na hii?"

"Hiyo imenishinda. Nitaiweka kwa mengineyo."

"Nisomee."

Kiingereza cha mwandiko ule wa zamani hakukiweza, kwa hiyo nikamtafsiria. Lilikuwa tangazo lililoandaliwa kwa ajili ya gazeti. Lilisema kwamba kijana mtumwa aitwaye Isaya, mrefu, mwenye kovu juu ya jicho, mcheshi, ametoroka kutoka shambani kwa bwana huyo siku jeshi la Kaskazini lilipopita. Yamkini amewafuata maadui. Atakayemrudisha atapewa zawadi. Chini, yule bwana alikuwa ametia sahihi kwa cheo chake cha jeshi.

Chai ikapoa mbele ya mzee.

"Bibi akichoma," akasema, "huyu Isaya ataandikwa wapi tena?"

Nikaliokota lile tangazo, nikalisoma tena.

"Sikia, mtoto yangu. Mimi kule Bukavu nilisoma habari kwa redio. Batu walijua sauti yangu hadi sokoni. Nililima mihogo. Na vita ilipokuja nilibeba bunduki, na yenye nilifanya nayo, Mungu anajua na mke wangu anajua. Nikikufa, utakuja na marundo yako? Watoto yangu watachukua ya redio. Watalia muzuri sana kwa maziko. Lakini si mimi watakuwa wanazika."

Akasimama, akachukua kikombe chake. Mlangoni akageuka.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haukusoma hii kwa ile diplome?"

Mwanangu, nilikuwa nimeisoma. Hilo ndilo lililoniuma. Fundisho la kwanza kabisa la fani yetu ni kwamba karatasi za mtu huachwa katika mpangilio aliouacha mwenyewe, maana mpangilio nao ni maneno yake. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, na nililijibu vizuri kuliko wote. Kisha nikapewa maboksi halisi, nikayapangua kabla sijayatazama.

Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Niliisogeza meza dirishani nikaanza upya, na hapo ndipo nilipoonja utamu wa kazi hii kwa mara ya kwanza. Je, karatasi zilizotawanywa hukumbuka majirani zao? Zinakumbuka! Pini za zamani zilikuwa zimeacha kutu, na kutu ya ukurasa huu ilikuwa na pacha wake kwenye ukurasa ule. Maji yaliyowahi kumwagika yaliacha doa lililopungua kutoka karatasi hadi karatasi, kama dimbwi linalokauka. Na mdudu fulani, Mungu amrehemu, alikuwa ametoboa njia yake kupita katikati ya yote bila kuuliza ni gazeti, ni shamba au ni vita.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuliinama, maana Papa Byamungu naye hakuweza kukaa mbali. Aliinua kila karatasi kwenye mwanga, na kila matundu yalipolingana alitangaza kwa ile sauti yake ya redio kama anatangaza mpira: "Tundu kwa tundu! Goliii!" Mkewe akapiga kelele kutoka jikoni kwamba jirani watatuitia polisi.

Tangazo la Isaya nalo likapata pahali pake. Lilikuwa limelala kati ya makala ya kusifu uhuru wa magazeti na maelezo ya kuchagua mbegu za pamba. Bwana yule alikuwa ameyaweka pamoja kwa mkono wake, na inaelekea hakuona kwamba yanagombana. Kwenye marundo yangu matatu jambo hilo lisingeonekana kamwe.

Nilimwita Bi Helen. Alileta kiti chake cha kukunja, akakaa ukingoni mwa nyasi, mimi nikasimama barazani nikamsomea zile karatasi tatu kama zilivyofuatana. Nilipomaliza, alikuwa ameshika barakoa yake kwa vidole kana kwamba inambana.

"Bibi yangu alituambia babu huyu alikuwa mwandishi," akasema.

"Aliwadanganya?"

"Hapana. Alipunguza." Akatazama nyumba yake yenye kibao cha mauzo. "Huyo Isaya, walimpata?"

"Karatasi hazisemi."

"Natumaini hawakumpata." Akainuka polepole, akakunja kiti. "Funga maboksi. Yote yaende maktaba, kama alivyoyaacha. Wajukuu nitawaambia mwenyewe, kabla maktaba haijawaambia."

Na pipa lile akalipandia mboga za majani, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kizuri hakikosi ila, na kibaya nacho huwa na mkono ulioandika sentensi nzuri. Ukikabidhiwa habari za mtu, awe babu yako, mwalimu wako, au mtu unayemchukia, usimgawe ili upate kipande cha kukufaa. Ukikificha kipande kibaya, kumbuka kuna mtu mwingine amesimama ndani yake, huenda jina lake halipo popote pengine duniani. Mtazame mtu mzima kwanza, ndipo useme unachosema. Na ukiwa na elimu, iache ipite kwenye macho kabla haijafika kwenye mikono. Siku utakaposimulia habari zangu, sifa zangu zitaje, maana nimezitolea jasho. Na hili la mzee wa Kikongo kunirudi mbele ya chai yake, usiliruke.

Nenda na heri. Mungu akupe macho ya kuona pasipopangwa, akupe wazee wasiokuogopa, na siku nawe utakapobaki kuwa karatasi mikononi mwa wengine, wakusome mzima. Amina.