Moyo Usioshtuka Sokoni

Kwa miaka mingi nilidhani nina kipaji. Miaka ile ya tisini, kiwanda cha nguo kilipotuachisha kazi, niliingia soko la Thika kuuza mitumba. Wenzangu wakipata mteja mgumu walitoka jasho, sauti ikapanda. Mimi moyo haukuongeza hata pigo moja. Mteja angeondoka, arudi, aondoke tena. Mimi nakunja sweta.

"Huyu mama ni jiwe," walisema. Nikaipokea kama sifa.

Ugonjwa wa sukari nilikuwa nao tangu kifungua mimba wangu akinyonya, na sasa yeye alikuwa akinyonyesha wake. Ganzi ya miguu nilishaizoea.

Siku moja belo, lile furushi kubwa la mitumba, likafunguliwa. Hapo hakuna adabu: kamba ikikatwa, watu wanapiga magoti, na mwenye mkono mwepesi ndiye anayepata kamera, zile nguo safi kuliko zote. Nikanyakua koti, nikainuka haraka, macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa chini, koti bado mkononi, na jirani yangu wa meza akilivuta.

"Nilidhani umekufa," akasema.

"Na koti je?"

"Koti lilikuwa hai."

Alinipeleka yeye mwenyewe kwenye kliniki ya Ruiru, karibu na kwangu. Daktari, kijana mpole, alinilaza, akapima presha na kuhesabu mapigo. Akanisimamisha, akapima tena. Presha ilishuka, lakini mapigo yalibaki palepale.

"Hesabu tena," nikamwambia. Hesabu ya kwanza siiamini, hata ikiwa yangu. Akarudia. Ikawa ileile.

Akanieleza kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu neva, si za miguu tu, hata zile zinazouambia moyo lini ukimbie na lini utulie. Nikisimama, moyo wangu haupati habari.

"Na ukiugua moyo unaweza usisikie uchungu wowote, mama. Ukikosa pumzi bila sababu, au ukitoka jasho baridi, usingoje kuumwa. Njoo."

Kumbe kipaji changu kilikuwa ugonjwa.

"Neva zangu nazitaka zote," nikasema.

"Zilizoharibika siwezi kukuahidi. Zilizobaki tutazilinda, ukiishika sukari vizuri."

"Na belo?"

"Belo uache."

"Bila belo sina meza. Hapo hatujaelewana, daktari. Ongeza kitu."

Akacheka, akaongeza: niende sokoni, lakini nisipige magoti wala kuinuka ghafla. Niketi kwanza, nishike kitu, ndipo nisimame.

Belo lililofuata, jirani yangu aliweka stuli mbele kabisa. "Kaa hapo. Wewe ni macho, mimi ni mikono. Tutagawana."

Nikawa naonyesha kwa kidole, yeye ananyakua. Vijana wakalalamika kwamba wamama wameungana kuwaonea. Tulipata kamera nyingi kuliko wakati kila mmoja alipokuwa akijipigania. Tulipomaliza nilishika bega lake, nikainuka taratibu, nikangoja kichwa kitulie.

"Twende?" akauliza.

"Ngoja," nikasema. Akangoja. Kisha tukaenda kupanga meza.